Mtoto Atasimulia Mara Moja

Katika nchi yetu hakuna mtoto anayepigwa. Jambo hilo tulilimaliza bungeni, Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, kwa kura mia mbili na nne dhidi ya sifuri, na wabunge waliokuwa wamesinzia walihesabiwa upande wa watoto. Hao wachache mnaowaona njiani na mikono iliyopinda ni watoto walioanguka. Nchi yetu ina milima mingi.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu kidogo kueleza kwa nini tumejenga Nyumba ya Faraja ya Mtoto. Waziri alilitatua hilo siku ya uzinduzi. Alisimama juani na mkasi mkononi, akasema: "Ndugu wananchi, nyumba hii ni ya watoto wasiopigwa, endapo watapigwa." Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Akaendelea kueleza kwamba zamani, yaani mwaka jana, mtoto aliyeumizwa alizungushwa kama barua isiyo na anwani: polisi, hospitali, ustawi wa jamii, mahakamani, na kila alipofika alisimulia upya. Sasa watumishi wote watakaa chini ya paa moja, na mtoto atasimulia mara moja tu. Maneno hayo yalichorwa ukutani kwa herufi za rangi zenye urefu wa mtu: MTOTO ATASIMULIA MARA MOJA. Pembeni walichora twiga anayecheka.

Mimi nililia siku ile. Naitwa Feruzi, ni bawabu wa Nyumba hiyo, na nilikuwepo katika yote nitakayoyaeleza, isipokuwa jambo moja la sokoni nililosimuliwa, na dakika chache ambazo nilikuwa nimezimia.

Watumishi wenyewe walikuwa wanne. Inspekta Ngwali wa polisi alikuwa na sauti ya lori lililokatika ekzosi. Daktari Mbaruku aliandika haraka kuliko alivyotazama. Bi Ruzuna, Afisa Ustawi wa Jamii, alizungumza bila kuvuta pumzi. Bwana Thabiti, mwendesha mashtaka, hakuwahi kumwamini mtu yeyote kabla ya saa sita mchana. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, mlango wake na muhuri wake.

Katikati ya vyumba hivyo vinne palikuwa na chumba rafiki kwa mtoto. Kilikuwa na zulia, midoli, na viti sita vidogo vya mbao ya mninga vilivyomfikia mtu mzima magotini. Palikuwa pia na kiti kimoja tu cha mtu mzima, chenye mgongo mrefu na magurudumu. Nani akikalie, mwongozo haukusema.

Kwa miezi mitatu hakuja mtoto hata mmoja. Taarifa ya robo mwaka ikaliandika jambo hilo kama mafanikio.

*

Jumanne moja asubuhi alikuja mwanamke mpana, mpika vitumbua wa sokoni, amembeba mgongoni mtoto ambaye kwa umri hakuwa wa kubebwa tena. Alimtua taratibu mbele ya geti. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka tisa. Mkono wake wa kushoto ulining'inia kama wa shati lililoanikwa, na gauni lilikuwa limegandia mgongoni kwa damu.

"Shikamoo, mzee," mtoto akasema.

"Marahaba, mama. Umeanguka wapi?" nikamuuliza, maana ndivyo tulivyofundishwa kuuliza.

Yule mwanamke alinitazama. "Ameangukia ubao wa Sururu," akasema. "Mara nyingi."

Jina lake Mwajabu. Mtoto alikuwa Semeni, binti wa kaka yake marehemu. Mama yake Semeni aliolewa tena na Bwana Sururu, muuza mbao, kisha naye akafariki, na mtoto akabaki kwa baba wa kambo akizoa unga wa mbao na kuchemsha chai. Jumatatu alivunja chupa ya chai. Hiyo ndiyo kesi nzima, na ningeweza kuiandika nyuma ya tiketi ya basi.

"Karibuni," nikasema, nikawaonyesha maandishi ukutani. "Hapa atasimulia mara moja tu, mama. Ni sheria."

Mwajabu akapumua. "Mungu awabariki."

Inspekta aliwapokea wa kwanza. Alimketisha Semeni, akamtaka aeleze bila woga, na ili kupima ukweli akawa anapiga meza kwa kirungu kila mtoto alipofika mwisho wa sentensi. Kila kirungu kiliposhuka, Semeni alijikunyata na ule mkono ukagonga ukingo wa kiti. Inspekta akaandika: *Shahidi ana wasiwasi*.

Daktari akamchukua akamsimulisha kisa upya, kwa sababu hakuwa na haki ya kusoma maandishi ya polisi. Alibandua gauni kutoka mgongoni, na ngozi ikafuatana nalo. Akaupiga mkono picha, akaandika *kuanguka* kabla picha haijakauka, kisha akasema hawezi kufunga hogo la plasta mpaka ipatikane fomu yenye muhuri wa polisi. Polisi wakasema muhuri hautolewi mpaka Ustawi wathibitishe kwamba huyu ni mtoto. Bi Ruzuna akamwambia Semeni asimulie kwa kuchora. Semeni akasema mkono anaochorea ndio huo uliovunjika. Bi Ruzuna akasema hiyo si sababu, watoto wengi hujifunza mkono mwingine, dunia ya leo haitaki mtu wa kulalamika, yeye mwenyewe alisoma kwa kibatari. Alisema hivyo kwa dakika arobaini. Damu ilipoanza kudondoka kwenye zulia alimwomba Mwajabu amsogeze mtoto kwenye sakafu ya saruji.

"Ubao ulikuwa wa mninga au wa mvule?" akauliza Bwana Thabiti, ilipofika zamu yake.

"Sijui," Semeni akasema.

"Kwa Inspekta umesema ni ubao mwekundu. Kwa Bi Ruzuna umechora mweusi."

"Alinipa kalamu nyeusi."

"Kwa hiyo unabahatisha," akasema, akaandika.

Hadi saa tisa alasiri Semeni alikuwa amesimulia mara saba. Mara ya saba alisimulia kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani, macho yakiwa kwa twiga. Mwajabu alinifuata getini.

"Mzee Feruzi, si mlisema mara moja?"

Niliona haya, nikaenda kumuuliza Bwana Thabiti. Alinieleza kwa upole kwamba sheria isomwe yote. Ni mara moja kwa kila ofisi. Mara tatu zilizozidi hazikuwa kusimulia, zilikuwa maongezi.

*

Mwongozo unataka kila shauri lijadiliwe na wadau wote. Mkutano ukapangwa Jumatano saa nne, na barua za mwaliko zikatoka jioni ileile kwa kasi iliyonifurahisha. Mdau wa tano katika orodha alikuwa Bwana Sururu. Ndiye mlezi wa mtoto, na zaidi ya hapo ndiye aliyejitolea vile viti sita vidogo.

Alipoipokea barua alikwenda moja kwa moja sokoni kwa Mwajabu. Alilipiga teke karai la vitumbua, mafuta ya moto yakammwagikia Mwajabu miguuni, kuanzia gotini hadi vidoleni. Kisha alijifuta kiatu kwa gazeti, akaondoka zake. Watu wa soko waliona, ila wengi wao hununua mbao.

Jumatano Mwajabu alikuja akichechemea, miguu imefungwa kanga mbili, ameshika mkono mzima wa Semeni. Ule mwingine alikuwa ameufunga mwenyewe kwa vijiti vya kuchokolea vitumbua.

"Bibi, huruhusiwi kutoa tiba bila leseni," Daktari akamwambia mlangoni.

"Toa wewe, basi."

"Nasubiri fomu."

Sururu alifika na kreti ya soda. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye tabasamu la mfadhili. Akamgawia kila mtu chupa, hata mimi, hata Semeni, ambaye hakuipokea. Akakaa kwenye kiti kimojawapo kidogo, magoti yakimfikia kidevuni, akangojea mkutano uanze.

Haukuanza. Inspekta alikuwa ametangulia akakikalia kiti chenye magurudumu.

"Hicho ni cha mwenyekiti," akasema Bi Ruzuna, "na mwenyekiti wa mambo ya watoto, popote duniani, ni Ustawi, hata kwenye semina tulizokwenda ilikuwa Ustawi, na chai ilianza kutolewa kwa Ustawi."

"Mimi nina mgongo," akasema Daktari.

"Sare ya polisi imeshonwa kwa ajili ya kusimama," akasema Bwana Thabiti. "Nyanyuka, Inspekta."

"Ninyanyue."

Bwana Thabiti akakipiga kiti teke. Kiti kikateleza na Inspekta juu yake hadi ukutani, na kisogo chake kikagonga tumbo la twiga kwa mlio kama nazi inayovunjwa. Inspekta alisimama akiwa na damu shingoni, akachomoa kirungu, akamshushia mwendesha mashtaka begani. Tulisikia mtulinga ukikatika. Daktari alitumia nafasi hiyo kukaa. Bi Ruzuna akanyanyua kiti kidogo cha mninga, ambao si mti mwepesi, akampiga nacho gotini, na Daktari akaanguka akilitaja jina la kitaalamu la mfupa uliovunjika. Kisha kiwiko cha mtu, tume iliyoundwa baadaye haikujua cha nani, kikalikuta taya la Bi Ruzuna, naye akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Niliona mdoli wa dubu ukipita hewani bila kichwa. Inspekta alijitupa juu ya kiti kile, Bwana Thabiti akamvuta mguu, gurudumu likapita juu ya kifundo cha Inspekta, na mguu ukageukia upande ambao miguu haigeukii.

Nikiri kwamba niliwastahi. Katika vurugu zote hizo hakuna aliyemgusa mtoto. Mwongozo ulikuwa umekataza.

Sururu alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Kisha akawa kama aliyekumbuka shughuli iliyomleta. Aliinuka, akamshika Semeni mkono, akauchagua uleule.

Semeni hakulia. Alivuta pumzi, na pumzi ikakwama njiani. Mwajabu akamrukia Sururu na miguu yake iliyoungua, akapigwa ngumi ya shavu, akaanguka, akainuka. Sururu akamburuta mtoto hadi mlangoni, na mlangoni nilikuwepo mimi.

"Pisha," akasema.

Kifungu cha tisa kinasema mtoto hatoki bila kibali chenye sahihi nne. "Sahihi nne, bwana," nikamwambia.

Alinishika masikio akanigongesha kwenye fremu ya mlango. Meno mawili yakatoka. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, nimemshika suruali.

"Sahihi nne," nikarudia. Msiniite shujaa. Sikuwa na neno lingine kichwani.

Akanipiga teke la mbavu, na hapo ndipo Mwajabu alipomshika ule mkono uliomshika mtoto, akaupeleka mdomoni, akauma kama mtu anayekata uzi. Sururu alipiga ukelele, akamwachia Semeni. Mwajabu akatema kitu kwenye zulia. Sikukitazama.

"Kesho nitakuja na barua kutoka juu," Sururu akasema, mkono umebanwa kwapani, damu ikimtiririka ubavuni. "Mtoto ni wangu." Akatoka.

*

Nyumba ya Faraja ilikuwa na gari la wagonjwa, lakini ofisi nne hazijakubaliana ufunguo ukae kwa nani, na kuku wa jirani walikuwa wameshatotoa ndani yake. Mwajabu akamsimamisha muuza maji mwenye mkokoteni. Wakashusha madumu, wakawapanga Inspekta, Daktari, Afisa Ustawi na mwendesha mashtaka kama magunia, mimi miguuni mwao, na Semeni mbele. Mwajabu alisukuma kwa nyuma kwa miguu ile. Ilikuwa mara ya kwanza ofisi hizo nne kwenda mahali pamoja.

Hospitali ilikuwa imejaa, isipokuwa wodi ya watoto. Muuguzi wa wodi, Sista Rehani, mwanamke mdogo wa umbo asiyecheka ovyo, alitupokea mlangoni.

"Nina vitanda saba vitupu," akasema. "Ni vifupi. Atakayelalamika akalale uani."

Tukalala, miguu ikitokeza nje ya vyuma, chini ya bata wa rangi waliochorwa ukutani. Sista Rehani hakuuliza fomu. Alimchukua Semeni kwanza, akamsafisha mgongo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akamfunga hogo, akampa dawa ya maumivu, akamwambia, "Hapa hutaulizwa kitu." Semeni akalala kabla sentensi haijaisha.

Asubuhi ya Alhamisi, uji ukiwa umeletwa, Sista alikuja kubadilisha bandeji. Alianza na Inspekta. Dawa ilipogusa kisogo, Inspekta Ngwali, ambaye nimewahi kumwona akimburuta mwizi kwa nywele toka sokoni hadi kituoni, alianza kulia. Machozi yalimtoka yakaingia masharubuni.

Semeni aliketi kitandani, akamtazama kwa muda.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma," Inspekta akasema.

"Usiibane pumzi. Hesabu. Ukihesabu inakwenda mbali kidogo."

Inspekta akahesabu. Alifika kumi na nne, akatulia. "Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe. Jumatatu nilifika sitini na mbili."

Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto akaacha kumbembeleza. Inspekta hakupiga kitu chochote, hakuwa na kirungu. Alisema tu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Ilikuwaje, mwanangu?"

"Chupa ilinitoka," Semeni akasema. "Akaniambia niokote vigae kwa mkono. Nikaokota. Akasema nimeacha kimoja. Akanishika mkono akauzungusha kwa nyuma mpaka ukalia."

"Ukalia mkono au ulilia wewe?" akauliza Daktari kutoka kitanda cha pili.

"Mkono. Mimi silii. Nikilia anaanza upya. Nilipoanguka ndipo akachukua ubao."

Daktari Mbaruku alifumba macho. "Sista," akasema, "naomba ile picha ya juzi, imo kwenye mkoba wangu." Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu. "Mfupa uliozungushwa hukatika kwa mshazari," akasema. "Huu umekatika kwa mshazari. Nimeandika kuanguka." Akaomba kalamu, akafuta.

Bwana Thabiti, bega limefungwa hadi sikioni, alikuwa na swali moja. Saa sita ilikuwa bado sana. "Zamani pia ilitokea?"

"Siku ambazo mashine ya mbao inanguruma. Hapo hakuna anayesikia."

Bi Ruzuna alikuwa amefungwa taya kwa waya na hakuweza kusema. Alisikiliza. Nilimwona akiwa na uso wa mtu anayeingia nyumba aliyopita mbele yake miaka mingi. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, *Mtoto harudi kwa Sururu. Anakaa kwa shangazi*, akasaini, akampa Daktari, Daktari akasaini, ikaenda kwa Inspekta, ikaenda kwa mwendesha mashtaka ambaye alisaini kwa mkono wa kushoto. Sahihi nne. Uji ulikuwa bado una mvuke.

"Nimemaliza?" Semeni akauliza.

"Umemaliza," Sista Rehani akasema. "Kunywa uji."

*

Sururu alikuja saa tano na mkono wake uliofungwa kitambaa. Alikuwa na barua ya Naibu Waziri yenye mihuri mitatu, ikisema kwamba kwa kuwa watoto hawapigwi, mtoto huyu arejeshwe kwa mdau. Aliisoma kwa sauti katikati ya wodi.

"Upo chini ya ulinzi," Inspekta akasema kutoka kitandani.

Sururu alimtazama: bandeji kichwani, mguu umening'inizwa kwa kamba, shuka lenye vifaranga. Akacheka. Kisha akang'oa chuma cha dripu, akampiga nacho Inspekta kwenye mguu ule uliokuwa mzima. Ulivunjika mara mbili, Daktari alithibitisha papo hapo kwa kusikia tu. Alipokinyanyua tena akakielekeza kwa Semeni, Mwajabu alikuwa ameshafika. Alimsukuma kwa bega lote la mpika vitumbua, akaanguka naye, akamkalia kifuani. Wale kina mama waliokuwa na wagonjwa wao waliteremka vitandani bila kuitana. Mmoja alimkalia miguu. Mwingine alimkalia mkono. Aliyekuwa ananyonyesha alimpa Sista mtoto wake, akaja na sufuria ya uji, akampiga nayo kichwani kwa utulivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, bila hasira usoni, kama mtu anayetwanga kisamvu. Meno ya Sururu yalitoka mengi kuliko yangu. Sista Rehani alimalizia kazi kwa bandeji: alimfunga mikono na miguu kwenye kitanda cha saba, akaandika muda.

Nilisikitika kwa ajili ya barua ya Naibu Waziri, maana ilirowana uji.

Mahakama ilikwenda haraka kuliko kawaida. Kumpiga mtoto katika nchi yetu ni jambo la kujadiliwa, lakini kumvunja Inspekta mguu mbele ya mwendesha mashtaka ni kosa lenye utaratibu. Semeni hakuitwa kizimbani. Karatasi ile ya sahihi nne ilisomwa, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa imebaki ya kuipinga, ikapita. Hakimu alimhukumu Sururu miaka kumi na minne: kumi na mmoja kwa mguu wa Inspekta, mitatu kwa mkono na mgongo wa Semeni.

Semeni alikuwa ukumbini, amekaa kati ya shangazi yake na mimi. Alimwinamia Bwana Thabiti aliyekuwa mbele yetu.

"Ataanza kutumikia miaka ipi?" akauliza.

Bwana Thabiti aligeuka, bega likimuuma. "Yako," akasema. "Nitahakikisha ataanza na yako."

Semeni akaitikia kwa kichwa.

*

Tume iliundwa kuchunguza jinsi shauri lilivyoweza kumalizika. Ilimkuta Sista Rehani na hatia ya kuratibu bila kibali, akapewa barua ya onyo. Kina mama wa wodini walipewa semina ya kutatua migogoro kwa njia ya amani. Ili vurugu zisijirudie, Serikali ilinunua viti vinne vyenye magurudumu, na watumishi walipotoka hospitali kila mmoja alikichukua chake: Inspekta akakipeleka kituoni, Daktari hospitali, Bi Ruzuna wilayani, Bwana Thabiti mahakamani. Walikwenda navyo, na mihuri yao wakaenda nayo. Waziri alikuja kutangaza kwamba huduma sasa imesogezwa karibu zaidi na wananchi, katika maeneo manne. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo, mbavu zilikuwa bado.

Wiki sita baadaye, Jumatatu saa mbili asubuhi, Mwajabu na Semeni walipita getini kunijulia hali. Walikuwa wametoka hospitali, hogo limetolewa, mkono mwembamba kama wa mtu mwingine lakini umenyooka. Tulikuwa tunaongea habari za shule alipotokea bibi mmoja na kitoto cha miaka minne mgongoni. Bibi alimteremsha mtoto. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevimba mpaka jicho halionekani, na kwenye paja palikuwa na alama ya pasi, nzima, hadi ncha yake.

"Nimesikia hapa wanasimulia mara moja," bibi akasema.

Nilimweleza, kama ilivyo kazi yangu, kwamba aanze kituoni, halafu hospitali, halafu wilayani, na mahakama ipo nyuma ya stendi. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Mtoto alikuwa ameshika pindo la gauni la Semeni. Sijui alilishika saa ngapi.

Mwajabu alimpa Semeni pochi yake amshikie. Alivua kandambili, akazipanga ukutani, akajifunga kanga kiunoni mara ya pili, akakaza fundo.

"Mzee Feruzi," akasema, "Afisa Ustawi anaingia ofisini saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na Inspekta?"

"Saa tatu na nusu. Bado anatembelea magongo."

Alihesabu kidogo kwa midomo. "Basi nianze na Daktari," akasema. "Wewe kamtafute muuza maji, mwambie aje na mkokoteni. Wanarudi wodini wote wanne."

Sikumuuliza kibali. Nikavaa kofia yangu nikaenda.